Vitabu vya baba, moto wa semina, na kimoja kilichobaki chini ya godoro

Swali: "Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 23, naishi Kimara na ninasali katika usharika mmoja hapa Dar es Salaam. Marehemu baba alikuwa mwalimu, na mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Aliacha sanduku la vitabu, vingi riwaya za Kiswahili. Mwezi uliopita kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alifundisha kwamba hadithi za kidunia ni milango ya mapepo, akatuambia tuvilete vichomwe kama walivyofanya Waefeso. Nilipeleka 11. Kimoja sikukipeleka, Rosa Mistika, kwa sababu baba aliandika kwa penseli pembeni mwa kurasa na ukurasa wa mwisho. Nimekificha chini ya godoro, nakisoma usiku kwa tochi ya simu, na sina amani. Je, nimemwibia Mungu? Mkristo anaruhusiwa kusoma riwaya zenye uzinzi na uchawi ndani? Na baba je, alikuwa anakosea miaka yote ile?"

Marahaba, mwanangu, na Bwana asifiwe milele. Pole kwa kuondokewa na baba. Pole pia kwa vile vitabu 11. Wapo watakaokuambia ni karatasi tu, lakini mtoto anayepeleka motoni kitabu chenye jina la baba yake kwenye ukurasa wa kwanza anajua amepeleka nini.

Umeuliza maswali matatu, na la tatu umeliweka mwishoni kama vile limekuponyoka. Mimi naona ndilo lililokufanya uandike. Nitalifikia. Lakini tuanze Efeso, maana ndiko ulikopelekwa.

Fungua Matendo 19, usome taratibu kuanzia mstari wa 11 hadi wa 20. Efeso ulikuwa mji uliovuma kwa uganga. Kulikuwa na maneno ya siri yaliyojulikana kote kwa Wayunani kwa jina la herufi za Kiefeso. Watu waliyaandika na kuyavaa kama hirizi, waliyatamka ili kujikinga au kufukuza pepo. Vitabu vilivyochomwa siku ile vilikuwa vya kazi hiyo. Luka anasema wazi kwamba waliovileta ni watu "waliotumia mambo ya uganga", na kwamba walivileta "vitabu vyao". Thamani yake ilihesabiwa ikafika fedha 50,000, na fedha moja ilikuwa kama ujira wa kibarua kwa siku nzima. Vilikuwa ghali hivyo kwa sababu vilikuwa vitendea kazi. Mganga alikinunua kitabu akijua wateja watamrudishia gharama. Kwa hiyo wale watu walichoma riziki yao, wakaacha kazi waliyokuwa wakiifanya gizani.

Angalia na kile ambacho hakimo katika habari hiyo. Hatusomi kwamba Paulo aliwatangazia walete. Hatusomi kwamba mtu alileta kitabu cha marehemu baba yake. Dhamiri ya mwenye mali iliguswa, naye akaleta cha kwake alichokitumia kwa ubaya. Na katika sura hiyohiyo linatajwa jumba la michezo la Efeso, ambalo magofu yake yapo hadi leo. Mji ule ulijaa mashairi na michezo ya kuigiza, tena yenye miungu ya Kiyunani ndani yake, lakini Luka hasemi neno hata moja kwamba waumini walizikusanya tamthilia wakaziteketeza. Ukitaka vitabu vya Efeso hapa mjini kwetu utavikuta: vya kusoma nyota, vya kutafsiri ndoto ili upate namba ya kubahatisha, vya kumvuta mpenzi kwa majina ya majini. Ukiwa nacho kimoja cha namna hiyo, kiondoe leo, usingoje semina.

Kuna moto mwingine wa kitabu katika Biblia, nao natamani ufundishwe pamoja na huu. Uko Yeremia 36. Ni mwezi wa 9, mfalme Yehoyakimu amekaa katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Mtumishi wake aitwaye Yehudi anamsomea gombo ambalo Baruku aliliandika kutoka kinywani mwa Yeremia. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, hadi gombo lote linaisha. Halikuwa na uganga lile gombo. Lilikuwa linasema habari zake na za mji wake, na hakutaka kuzisikia. Mungu akamwambia Yeremia atwae gombo jingine aandike upya, na mstari wa mwisho wa sura ile unasema maneno mengine mengi kama yale yaliongezwa.

Basi mtu akisimama na kiberiti mbele ya kitabu, namwomba ajiulize kwanza: huu ni moto wa Efeso au ni moto wa Yehoyakimu?

Sasa tuje kwenye hicho kilicho chini ya godoro. Nakijua vizuri, maana kabla ya kwenda chuo cha theolojia nilifundisha fasihi sekondari. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Ukerewe na alisoma seminari. Kitabu kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilizuiwa shuleni kwa sababu kilionekana kinavunja maadili. Baadaye kikaingizwa shuleni na kusomwa na wanafunzi wengi mno, labda ndivyo kilivyomfikia baba yako. Hata jina lake limetoka kanisani, ni mojawapo ya majina ambayo Wakatoliki humwita Bikira Maria katika litania, yaani sala ya kupokezana. Mwandishi ametwaa jina la usafi akampa msichana ambaye wote waliopaswa kumlinda wanamwangusha. Baba mlevi anamlinda kwa fimbo na si kwa mazungumzo. Wakubwa wenye vyeo na magari wanamtumia. Kuna mimba zinazotolewa. Mwisho wake ni kifo, tena cha kujiua. Kuna kurasa zinazosema mambo ya chumbani waziwazi, na sitakudanganya kwamba hazipo.

Lakini niambie, umefika wapi katika kukisoma? Umeona popote ndani yake dhambi ikionekana tamu hadi mwisho? Mimi sijaona. Kila starehe ya Rosa ina bei, na bei inalipwa na yeye peke yake, huku wanaume walioshirikiana naye wakiendelea na vyeo vyao. Huo ndio ukweli wa miji yetu, ambao mimbarani mara nyingi tunautaja kwa mafumbo, na wakati mwingine hatuutaji kabisa.

Nikupe habari moja ya darasani. Miaka mingi iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa nakisoma na kidato cha tatu. Baada ya kipindi, binti mmoja mkimya alibaki nyuma. Akaniuliza kama kweli wasichana wengi huishia kama Rosa. Nikamwuliza kwa nini anauliza. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kuna mtu mzima mwenye heshima zake anayemwita nyumbani kwake kila Jumamosi, na wazazi wanamwamini. Alikuwa amekaa na jambo hilo mwaka mzima. Tulikuwa tumemhubiria usafi tangu kidato cha kwanza, na mahubiri hayakumfungua kinywa. Alipomwona Rosa, alijiona. Tulikwenda kwa wazazi wake wiki hiyohiyo.

Nathani alilijua jambo hili. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria, na Nathani angeweza kuingia na sheria mkononi: Usizini, Usiue. Daudi alizijua amri hizo kuliko sisi. Badala yake Nathani akasimulia hadithi ya kubuni, tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelala kifuani pake. Mfalme akawaka hasira juu ya mtu ambaye hakuwahi kuishi, na hasira ile ndiyo iliyomfungulia mlango. Ndipo akaambiwa: "Wewe ndiwe mtu huyo." Ni 2 Samweli 12. Na Bwana wetu mwenyewe, Mathayo 13:34 inasema, pasipo mfano hakuwaambia makutano neno. Mwana mpotevu hakuwa jirani wa mtu. Alibuniwa, na katika mfano huo kaka yake anataja makahaba mbele ya baba yao.

Kwa hiyo swali lako la pili, kama Mkristo anaruhusiwa kusoma hadithi zenye uzinzi na uchawi, nakujibu kwamba dhambi kutajwa ndani ya kitabu si kipimo. Tukilifanya hilo kuwa kipimo tutaikosa Mwanzo 38, tutaikosa 2 Samweli 13, na Waamuzi 19 hatutaigusa kwa mkono. Ile sura ya yule mwanamke wa Bethlehemu inatisha kuliko riwaya yoyote niliyowahi kuifundisha. Kipimo ni kama kitabu kinasema kweli juu ya dhambi na juu ya mwanadamu. Wafilipi 4:8, ambao nina hakika ulisomewa siku ile, unaanza na "mambo yo yote yaliyo ya kweli". Usafi unafuata baadaye katika orodha ileile, na usafi usio na ukweli ndani yake ni chokaa juu ya kaburi.

Nataka uelewe kwamba kipimo hiki ni kikali, wala hakifungui milango yote. Ziko hadithi zinazotumwa kwenye simu kwa vipande, sehemu ya 14, sehemu ya 15, zile mnazoziita chombezo. Nimeshakaa na vijana waliokuja kwangu wamefungwa nazo, wakubwa kwa wadogo, wengine wenye ndoa. Humo hakuna anayepata mimba asiyoitaka, hakuna anayeugua, hakuna mke anayelia jikoni, hakuna asubuhi inayofuata. Zinamfanya mtu kuwa mwili tu, kisha zinakuuzia mwili huo. Ni uongo tangu mstari wa kwanza. Hizo achana nazo, nami sitajadiliana nawe hata kidogo.

Nikitumia kipimo hichohicho, napata shida pia na filamu nyingi tunazoziita za Kikristo. Unazijua: mchawi ana nguvu kwa saa nzima na nusu, anaruka, anaua, anafunga vizazi, halafu dakika tano za mwisho mchungaji anapiga kelele na mchawi anaanguka. Mtazamaji anatoka pale akimwogopa jirani yake mzee kuliko anavyomcha Mungu. Katika nchi ambako wazee wetu, hasa akina mama, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, filamu ya namna hiyo inaweza kufanya madhara ambayo riwaya ya kidunia yenye huzuni haiwezi kuyafanya. Vivyo hivyo kwenye meza za vitabu nje ya mikutano, utakuta vitabu vyenye msalaba kwenye jalada vinavyoahidi nyumba na gari kwa wanaotoa sadaka kubwa. Msalaba kwenye jalada hautoshi. Ayubu angekisoma kitabu cha hivyo angesikia tena sauti za wale rafiki zake watatu.

Sasa baba.

Mtu anayesoma maandiko ya nje ya imani yake huku akimpenda Mungu ana ndugu wengi waliomtangulia. Paulo alipanda Areopago akawahubiria Waathene, na katikati ya mahubiri akanukuu mshairi wao: "Maana sisi sote tu wazao wake." Mstari huo uko katika shairi la Arato, mtu wa Kilikia, jimbo alikotoka Paulo mwenyewe, na Arato alikuwa akimwimba Zeu, mungu mkuu wa Wayunani. Paulo hakuusoma siku ile. Ulikuwa tayari kichwani, maana yake aliwahi kukaa akaujifunza. "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema", neno la Paulo tunalolinukuu kila mkutano wa vijana, ni mstari wa Menandro, mtunzi wa michezo ya kuchekesha. Katika Tito 1:12 amemnukuu Mkrete. Danieli naye alikataa chakula cha mfalme lakini hakukataa shule: alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, na Danieli 1:17 inasema Mungu ndiye aliyewapa yeye na wenzake ujuzi huo.

Agostino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, anaandika katika Maungamo yake kwamba alipokuwa na miaka 19, akiishi Karthago katika uzinzi, alisoma kitabu cha Kikero, mwandishi wa Kirumi, juu ya kupenda hekima. Kikero hakuwa Mkristo, alikufa kabla Bwana hajazaliwa. Agostino anasema kitabu kile kiligeuza maombi yake yakaelekea kwa Mungu. Ilichukua miaka mingine kumi na zaidi hadi mwaka 386, pale bustanini Milano, aliposikia sauti ya mtoto ikisema "twaa usome" na kuifungua Warumi 13. Lakini hatua ya kwanza ya kurudi nyumbani aliipiga akiwa na kitabu cha mpagani mkononi. Baadaye akafundisha kwamba Wakristo wanaochukua kweli iliyoko kwa wapagani ni kama Waisraeli waliotoka na dhahabu ya Wamisri, nami nakumbusha pia kwamba dhahabu hiyohiyo iliweza kugeuzwa sanamu. Hieronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliwahi kuota amesimama mbele ya hakimu akiambiwa yeye si Mkristo bali ni mfuasi wa Kikero, akachapwa. Wasiwasi kama wako si mpya, mwanangu, na haukuanzia Kimara. Hata hivyo huyohuyo, miaka mingi baadaye, aliandika barua ya kutetea matumizi ya waandishi wa nje.

Na hapa kwetu? Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, mwaka 1870 alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na Wazanzibari. Humo mna masultani, majini, paa anayesema, na habari za Liongo, shujaa wa hadithi za Waswahili. Kiswahili cha Injili kilichotufikia kilipita katika masikio ya mtu aliyekaa chini akasikiliza hadithi. Mwalimu Nyerere, ambaye misa ilikuwa sehemu ya siku yake, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Kaizari mwaka 1963 na ile ya mabepari wa Venisi mwaka 1969, yenye mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Mkono huohuo ulizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa utenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Sioni kwamba alikuwa na nyoyo mbili.

Baba yako alikaa katika mstari huo. Alishika kitabu cha nyimbo Jumapili na riwaya Jumatatu, na wewe uliyelelewa naye umeniandikia barua ya binti anayeogopa kumkosea Mungu. Hapana, hakuwa anakosea.

Imebaki dhamiri yako, na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu Warumi 14 inasema anayekula huku ana shaka amehukumiwa, hata kama chakula ni halali. Kama baada ya kuyasoma haya yote moyo wako bado unakushitaki kila ukikifungua, kifunge, ukiweke kabatini, mwaka mmoja au mitano. Kukingoja si dhambi. Na kama kuna kurasa zinazokuamshia tamaa unayoshindwa kuitawala, ziruke bila aibu. Mwingine hazimgusi, wewe zinakugusa, na hilo ni lako wewe na Mungu wako. Ila nadhani kinachokunyima amani si Rosa. Ni godoro. Mtu akisoma kwa kujificha, hata Zaburi ingemwonjesha hatia.

Kwa hiyo nenda kwa mchungaji wa usharika wako, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kiongozi wa kikundi usimvizie wala usimseme kwa wenzako. Huenda naye alikutana na mambo ya giza kweli, na anawapenda ninyi kwa namna anayoijua. Mwombe mkae naye mbele ya mchungaji, msome pamoja Matendo 19 na Yeremia 36, umwulize kwa adabu. Akikasirika, umefanya sehemu yako. Vile 11 vilivyokwenda, ulivipeleka kwa nia ya kumtii Mungu, naye anaijua nia. Usijitese kwa hilo. Vingi vya kizazi kile bado vinapatikana. Pita kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya mji, na Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina rafu za riwaya za Kiswahili ambazo vijana wengi hawajawahi kuzifikia. Andika orodha ya majina unayoyakumbuka kabla hayajakutoka.

Umesema baba aliandika kwa penseli ukurasa wa mwisho, lakini hukuniambia aliandika nini. Nimehisi bado hujafika huko, au umefika na mwanga wa simu haukutosha. Penseli hufifia. Kitoe hicho kitabu, keti sebuleni mchana, mama yako akiwepo kama bado yupo, usome alichoandika mwalimu yule kwa sauti.